Minyoo Isiyosikia Dawa

Katika likizo ya mwezi wa Juni mbuzi wa mama yangu, aitwaye Chausiku, alikufa kwa minyoo, ingawa alikuwa amenyweshwa dawa mara tatu tangu mvua za masika zilipoanza. Naandika makala haya kwa sababu kifo hicho kilinifundisha Bayolojia kuliko kurasa nyingi za daftari langu, na kwa sababu najua kwamba wanafunzi wengi wa shule hii wana mbuzi nyumbani, nao labda hunyweshwa dawa kwa namna ileile tuliyoitumia sisi.

Kwetu ni Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru. Asiyefika huko ajue kwamba ni nchi ya baridi na ukungu, na mashamba ya kabichi, viazi na maharagwe yamepanda mlimani hata mgeni hushangaa jinsi mkulima asivyoporomoka na jembe lake. Katika miteremko kama ile kufuga ng'ombe ni taabu, kwa hiyo maziwa yetu mengi ni ya mbuzi. Mbuzi wa maziwa kutoka Norwe waliletwa Tanzania katika miaka ya 1980, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, hapa Morogoro, wakawafikisha kwa wakulima wa Mgeta. Chausiku alikuwa wa ukoo huo, amechanganyika na mbuzi wa kienyeji. Maziwa yake ndiyo yaliyoninunulia madaftari, sabuni na nauli ya kuja shuleni. Ni kweli ada ya shule za sekondari za serikali ilifutwa mwaka 2016, lakini viatu na godoro havikufutwa.

Ugonjwa wake ulianza polepole. Kwanza alipenda kulala kuliko kula. Kisha maziwa yakapungua. Mwishowe chini ya taya pakatokea uvimbe laini, kama mfuko wenye maji. Asubuhi ulipungua na jioni ukazidi. Hakuharisha hata kidogo, na jambo hilo lilitudanganya, maana sisi tulidhani mnyama mwenye minyoo lazima aharishe. Siku ya mwisho nilimfunua kope la chini nikaona ndani ni peupe kabisa.

Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno kubwa katika nyumba ya dada yake, basi mama alimwita. Mjomba alimpasua Chausiku kabla hatujamzika, akafungua tumbo la nne, lile lililo mwisho kabla ya utumbo. Ndani yake mlikuwa na minyoo mingi myembamba, yenye urefu wa sentimita mbili au tatu, nayo ilikuwa na msokoto wa rangi mbili, nyekundu na nyeupe, kama kamba iliyosukwa kwa nyuzi mbili. Mingine ilikuwa bado inacheza.

Mama akasema, "Yule mwenye duka ametuuzia maji ya rangi."

Mjomba akajibu, "Dada, usimseme mtu kabla hujajua."

Lakini mama alikwisha kumsema, tena mbele za watu, siku ya gulio.

Mnyoo ule una jina la kisayansi, Haemonchus contortus. Mimi nitauita mnyoo msokoto. Msokoto wa rangi zake una maelezo: nyekundu ni utumbo wake uliojaa damu, na nyeupe ni mifuko ya mayai iliyouzunguka. Mnyoo mmoja hunyonya damu kama mililita 0.05 kwa siku, yaani tone moja tu. Lakini tufanye hesabu. Mbuzi mwenye minyoo 1,000 hupoteza mililita 50 kila siku. Mbuzi wa kilo 20 ana damu kama lita moja na nusu hivi mwilini mwake. Anatengeneza damu mpya, ndiyo, lakini kazi hiyo yataka chakula kizuri, na wakati wa mvua za masika minyoo huingia upesi kuliko damu inavyotengenezwa. Uvimbe wa taya hutokana na jambo hilohilo: damu ikikosa protini, maji hayakai tena ndani ya mishipa, huvuja na kukusanyika pale panapoinama.

Mnyoo jike hutaga mayai 5,000 au zaidi kwa siku moja. Mayai hutoka na kinyesi. Penye joto na unyevu huanguliwa, na baada ya juma moja hivi vijinyoo huwa tayari kumwingia mnyama. Katika umri huo vijinyoo havili kitu. Vimejifunika ngozi yao ya zamani kama mtu aliyejifunika blanketi, navyo hupanda majani yenye umande. Mbuzi huvila pamoja na majani, na baada ya majuma matatu vimekuwa minyoo mizima inayotaga. Mbuzi aliyefungwa kamba mahali pamoja siku hadi siku hula vijinyoo vilivyotoka tumboni mwake mwenyewe.

Niliporudi shuleni nilimwendea mwalimu wetu wa Bayolojia nikamwuliza, dawa ya bandia hujulikanaje? Akaniuliza kwanza tulikuwa tukiinywesha vipi. Nikamweleza. Mama hununua chupa ya albendazoli, hupima kwa kizibo cha chupa ya maji, kila mbuzi kizibo kimoja, awe mkubwa awe mdogo. Chupa ikibaki na kidogo huazimwa jirani. Kila baada ya miezi miwili mbuzi wote hunyweshwa siku moja, wagonjwa na wazima, kisha hupelekwa kwenye majani mapya yasiyolishwa karibuni, ili wasipate minyoo tena.

Mwalimu alicheka, si kwa dharau, akasema, "Mama yako ni mtu mwangalifu sana. Ndiyo maana amepata minyoo hodari."

Sikuelewa. Alinichukua mpaka ubaoni, na nitajaribu kueleza alivyonieleza.

Watu husema minyoo "imezoea" dawa, kama mlevi anavyoizoea pombe. Sivyo. Mnyoo mmoja mmoja haujifunzi kitu. Katika minyoo 1,000 huenda ikawamo 10 ambayo tangu kuzaliwa kwake dawa hiyo haiishiki vizuri. Albendazoli hufanya kazi kwa kujishikiza kwenye protini moja ndani ya mnyoo, na mnyoo ukikosa protini hiyo hauwezi kuendesha mwili wake, hufa kwa njaa. Lakini ikiwa protini hiyo imebadilika mahali pamoja tu, dawa haipati pa kujishika. Sasa mnyweshe mbuzi dawa. Minyoo 990 inakufa. Ile 10 inabaki, na kwa majuma yanayofuata mayai yote yaangukayo majanini ni ya ile 10. Ukichekecha unga, chenga hubaki juu ya chekeche. Chekeche halikuzifanya kuwa chenga. Zilikuwamo tangu mwanzo. Mama alikuwa akichekecha minyoo yake kila miezi miwili.

Tena lipo jambo la kipimo. Wanafunzi wa kidato cha nne waliokwisha kusoma habari za urithi wataona urahisi hapa. Mnyoo nao una baba na mama. Mwingine umerithi uhodari huo pande zote mbili, na mwingine upande mmoja tu. Ule wa upande mmoja hufa ukipata dawa kamili, lakini ukipata nusu ya dawa huweza kupona. Basi anayenywesha nusu huwa anaokoa hata ile ambayo ingekufa, nayo hukutana na wenzake na kuzaa hodari kamili. Tulipima maji ya kizibo kile maabarani kwa bomba la sindano: hayakufika mililita 6. Dawa ya mama ilikuwa ya asilimia 2.5, maana yake kila mililita ina miligramu 25. Maandishi ya chupa yalitaja kondoo tu, miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito. Mbuzi si kondoo. Mwili wake huvunja dawa na kuitoa upesi zaidi, kwa hiyo wataalamu wengi hushauri mbuzi apewe albendazoli mara mbili ya kipimo cha kondoo, na levamisoli mara moja na nusu. Chausiku alikuwa na kilo 30 hivi. Alihitaji miligramu 300, yaani mililita 12. Alipata chini ya nusu, mara tatu.

Hapa niseme neno kwa wazazi wasomao gazeti hili. Madukani zipo chupa za asilimia 2.5 na zipo za asilimia 10, na kwa mbali zinafanana. Mtu akibadilisha chupa bila kubadilisha kipimo atawapa mbuzi kidogo mno au kingi mno. Tena albendazoli haifai kwa mbuzi aliye katika mwezi wa kwanza wa mimba. Kabla ya kuongeza kipimo zaidi ya kilichoandikwa, mwulizeni bwana mifugo wa kata.

Na ile habari ya majani mapya? Hiyo ndiyo iliyonishangaza zaidi, maana hata kitabu cha zamani nilichokikuta katika maktaba yetu kinashauri hivyohivyo: nywesha wote, kisha hamisha. Lakini fikiri. Ukiwapeleka mbuzi kwenye majani mapya mara tu baada ya dawa, watu wa kwanza kuingia katika nyumba hiyo mpya ni watoto wa minyoo iliyoishinda dawa, na hawana majirani wengine wa kuchanganyika nao. Ukiwaacha baadhi ya mbuzi bila dawa, mayai yao yenye minyoo inayosikia dawa huendelea kuanguka majanini, na hodari wachache humezwa katika wingi huo. Kwa hiyo wataalamu wa siku hizi hawataki kuua kila mnyoo. Wanataka minyoo michache inayosikia dawa iendelee kuishi. Nakiri kwamba nilipomweleza mama jambo hili aliniuliza kama ndiyo elimu anayoilipia nauli.

Msidhani kwamba jambo hili ni la Mgeta peke yake au kwamba ni geni. Dawa ya kwanza ya jamii ya albendazoli, iitwayo thiabendazoli, ilianza kuuzwa mwaka 1961. Mwaka 1964 huko Marekani ilikwisha tangazwa kwamba mnyoo msokoto wa kondoo unaishinda. Miaka mitatu tu! Ikaja ivermektini, iliyoanza kutumika kwa wanyama mwaka 1981. Ilitokana na kidudu cha udongoni kilichopatikana Japani, na waliohusika na kazi hiyo, Satoshi Ōmura na William Campbell, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Ni dawa iliyookoa macho ya watu wengi Afrika, kwa kuwa hutibu pia usubi upofushao. Lakini kabla ya miaka ya 1980 kwisha, wakulima wa kondoo wa Afrika Kusini walikuwa na mnyoo msokoto unaoishinda. Mwaka 2009 ikatolewa dawa ya jamii mpya kabisa, monepanteli, kwanza huko Nyuzilandi. Mwaka 2013 ikaandikwa kwamba katika shamba moja la mbuzi la nchi hiyohiyo imeshindwa. Mbuzi tena, mnaona. Mbuzi kwa asili ni mla majani ya vichaka, si mla nyasi za chini, kwa hiyo mababu zake hawakukutana sana na vijinyoo, na mwili wake haukujifunza kupigana navyo vizuri kama wa kondoo. Tunapomfunga kamba nyasini tunampeleka kwenye vita asiyoijua.

Hapa nchini, tangu mwaka 1990 wataalamu wamechapisha taarifa kwamba mnyoo msokoto wa kondoo wa Tanzania unazishinda dawa za jamii ya thiabendazoli na albendazoli. Mwaka 2002 watafiti wa Morogoro, miongoni mwao A. A. Kassuku wa Sokoine, walichapisha kazi yao ya kupima nguvu ya albendazoli na levamisoli kwa kondoo na mbuzi wa Morogoro. Basi yale niliyoyaona mimi kama ajabu ya zizi letu yalikwisha kuwashughulisha wataalamu walio karibu na shule yetu kabla mimi sijazaliwa.

Hata hivyo mwalimu hakutaka nikubali kwa maneno. Alisema kwamba mbuzi asiyepona ana maelezo matatu: dawa mbovu, kipimo kibovu, au minyoo inayoishinda dawa, na asiyepima hawezi kuyatenganisha. Dawa za bandia zipo kweli, na dawa iliyokaa juani dukani huharibika. Tukaanza kazi.

Mama alibaki na mbuzi watano. Mjomba aliwapima uzito kwa mizani ya kuning'iniza inayopimia magunia ya viazi, kila mbuzi katika gunia lenye tundu la kichwa. Wawili walikuwa wazito kuliko tulivyodhani, na mmoja mwepesi kwa kilo saba. Jicho la mtu ni mizani mbaya sana. Mama akaenda duka jingine, akanunua chupa mpya ambayo haijafunguliwa, yenye tarehe nzuri. Bwana mifugo akasimamia kipimo kamili cha mbuzi. Kabla ya kunywesha, na siku 12 baada ya kunywesha, mjomba alichukua kinyesi moja kwa moja kutoka kwa kila mbuzi, si kutoka chini, akakijaza katika vichupa hata pasibaki nafasi ya hewa, maana penye hewa na joto mayai huanguliwa njiani. Vichupa vilishuka Morogoro na gari la kabichi alfajiri, vikaingia katika jokofu la maabara kabla ya saa nne.

Kuhesabu si kugumu. Twapima gramu 2 za kinyesi, twaziponda katika mililita 28 za maji yaliyotiwa chumvi hata chumvi ikakataa kuyeyuka tena, kisha twachuja kwa chujio la chai. Katika maji mazito namna hiyo mayai huelea. Yapo vioo vya pekee vyenye vyumba viwili vilivyochorwa mistari, na chini ya mistari ya kila chumba hukaa mililita 0.15. Twajaza vyote viwili, twangoja dakika chache, twaweka chini ya hadubini na kuhesabu. Maji yetu ni mililita 30, nayo yana gramu 2. Vyumba viwili vina mililita 0.3, yaani sehemu moja ya 50 ya gramu. Kwa hiyo kila yai tunalolihesabu ni mayai 50 katika gramu moja.

Kisha hesabu ya mwisho. Tuseme kabla ya dawa mbuzi walikuwa na wastani wa mayai 1,200, na baada ya dawa 60. Yaliyopotea ni 1,140, nayo ni asilimia 95. Dawa nzuri hufika hapo au hupita. Ikiwa chini ya 95, shaka huanza. Ikiwa baada ya dawa yamebaki 540, yaliyopotea ni asilimia 55 tu, na shaka imekwisha.

Nilikuwa nimeomba moyoni tukute sifuri, ili kosa liwe la kizibo peke yake. Haikuwa hivyo. Zaidi ya nusu ya mayai yalikuwa bado yapo, ingawa dawa ilikuwa nzima na kipimo kilikuwa kamili. Mwalimu alitukumbusha kwamba wataalamu hutaka mbuzi 10 au zaidi katika kila kundi, nasi tulikuwa na watano. Kwa hiyo kipimo chetu ni dalili, si hukumu. Lakini dalili ilikuwa kubwa.

Mwezi wa Oktoba bwana mifugo aliwanywesha levamisoli, ambayo ni ya jamii nyingine. Hii haiugusi mwili wa mnyoo pale inapogusa albendazoli. Huupoozesha, nao huachia na kutoka. Yapasa kupima uzito kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu ikizidi sana humdhuru mbuzi mwenyewe, na maziwa hayanywewi mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zimalizike. Baada ya siku 12 hatukuona yai kwa mbuzi wanne, na kwa wa tano tuliona mawili. Wengine darasani walipiga makofi. Mwalimu hakupiga. Alisema hayo mawili yamwekwe mtu wa kuyafikiria.

Sasa nyumbani tuna dawa moja inayofanya kazi, na swali ni jinsi ya kuitunza. Njia tunayoifuata ni ya macho. Huko Afrika Kusini mtaalamu wa mifugo, Faffa Malan, alianzisha kadi yenye rangi tano za kope la ndani la mnyama, kutoka nyekundu, namba 1, mpaka nyeupe, namba 5. Jina la kadi hiyo, FAMACHA, limetokana na jina lake. Mbuzi wa namba 4 na 5 hunyweshwa dawa. Wa 1 na 2 huachwa. Wa 3 huangaliwa hali yake: akiwa na mimba, akinyonyesha au amekonda, naye hunyweshwa. Kope hutazamwa mchana kwenye mwanga wa jua, kila baada ya majuma mawili wakati wa mvua. Kadi hii ni kwa minyoo inayonyonya damu tu. Mbuzi anayeharisha au kukohoa ana habari nyingine. Faida yake ni kwamba minyoo haigawanyiki sawa: katika zizi lolote mbuzi wachache hubeba minyoo mingi, na wengi hubeba michache.

Jambo hilo la mwisho lina siri ndani yake. Katika miaka ya 1990 watafiti waliwalinganisha wanyama huko Diani, pwani ya Kenya. Kondoo Wekundu wa Kimasai waliishinda minyoo kuliko kondoo wa Dorper walioletwa kutoka kusini, na mbuzi wadogo wa kienyeji wa Afrika Mashariki waliishinda kuliko mbuzi wa Gala walio wakubwa zaidi. Mjomba aliposikia alifurahi mno, kwa kuwa amekataa siku zote kuuza beberu wake wa kienyeji. Mimi sisemi turudi kwa mbuzi wasio na maziwa. Nasema tu kwamba mbuzi ambaye kope lake hubaki jekundu mwaka mzima bila dawa asiuzwe kwa sababu ya ufupi wake.

Mambo mengine ni ya kazi ya mikono. Banda letu lilikuwa limeinuliwa tangu zamani, sakafu yake ni fito zenye nafasi ili kinyesi kianguke chini, na hilo ni jema. Lakini tulikuwa tukikata majani alfajiri, bondeni, palepale mbuzi wa jirani wanapofungwa, yakiwa yamelowa umande. Tulikuwa tukiwaletea mbuzi vijinyoo mpaka mezani. Sasa mdogo wangu hukata saa tano, jua likiwa limekausha, tena hukata juu, maana vijinyoo vingi hukaa karibu na ardhi. Na huongeza majani ya miti. Mbuzi akinunuliwa mnadani hatiwi zizini siku hiyohiyo, kwa sababu anaweza kuja na minyoo iliyokwisha shinda dawa za kwao. Wenye ng'ombe huko mabondeni wana bahati zaidi: ng'ombe hubeba mnyoo msokoto wa namna nyingine, kwa hiyo wakilisha ng'ombe kwanza mahali palipolishwa mbuzi, ng'ombe huvimeza vijinyoo vingi vya mbuzi navyo havifaidiki. Kondoo hawana msaada huo, maana mnyoo wao na wa mbuzi ni mmoja.

Wanafunzi wengine wameniuliza kuhusu zile tembe tulizomezeshwa shule ya msingi, ambazo nazo ni albendazoli. Minyoo ya watu si mnyoo msokoto, wala haitoki kwa mbuzi wetu. Lakini dawa ni ileile na kanuni ya chekeche ni ileile, kwa hiyo swali lenu ni zuri, nami nimelipeleka kwa mwalimu.

Mama alikwenda kwa yule mwenye duka mwezi wa Septemba, baada ya kipimo cha kwanza. Sikuwapo. Mjomba alinisimulia kwamba alimpa salamu, akamwambia, "Baba, maneno yale ya gulioni nimeyarudisha," na akamnunua dawa ya kupe. Mwenye duka naye alimwambia kwamba wateja wengine wanne walikuja na malalamiko yaleyale mwaka huu, na hakujua awajibu nini.

Kwa hiyo Chama cha Bayolojia kimeamua hivi. Kuanzia Januari, kila siku ya Alhamisi, tutahesabu mayai ya minyoo kwa mzazi yeyote atakayeleta kinyesi cha mbuzi au kondoo. Kiwe cha asubuhi ileile, kichukuliwe kwa mnyama mwenyewe, kijaze kichupa mpaka juu, na kichupa kiandikwe jina la mbuzi, tarehe, dawa aliyonyweshwa mara ya mwisho na kipimo chake. Kiletwe kabla ya saa nne. Anayetaka kujua kama dawa yake inafanya kazi alete mara mbili, siku ya kunywesha kabla hajanywesha, na tena baada ya siku 12. Vichupa tunavyo 40. Tunaomba virudishwe vimeoshwa.